Dakika Kumi za Mikumi

Mwezi huu tuziache kidogo habari za mawifi, mahari na simu zinazolazwa kifudifudi mezani. Tuzungumzie dakika kumi. Si dakika kumi zozote, bali zile anazozitangaza konda basi likiingia Mikumi: "Jamani, choo na chakula, dakika kumi tu! Atakayechelewa tunamwacha!"

Kama umewahi kupanda basi la kwenda au kutoka Iringa, Mbeya, Songea au Tunduma, unazijua. Ni dakika kumi za ajabu kweli. Ndani yake mtu anataka kupanga foleni ya choo, kunawa, kuagiza chipsi mayai, kusubiri chenji, kumpigia simu mama mkwe na kununua maji ya baridi. Zamani, hoteli za barabarani zilipokuwa chache, basi lilisimama popote penye kichaka, wanaume upande huu, wanawake upande ule, tukaita kuchimba dawa. Angalau kule kichakani hapakuwa na chipsi za kusubiri.

Sasa honi inapigwa mara ya kwanza, hakuna anayestuka. Inapigwa mara ya pili, watu wanaanza kutembea. Dereva akitia gia ndipo utakapoona mbio! Huyu ana kuku mkononi, yule anafunga mkanda, mwingine anapiga ubavu wa basi kwa kiganja akipiga kelele "suka, suka, bado mimi!" Sisi tuliokaa kwenye siti zetu tunacheka. Ukweli ni kwamba wapo wasiocheka. Ndani ya basi lile kuna mke, mume au mchumba wa yule anayekimbia, na tumbo linamuuma kuliko wewe unavyodhani. Huyo ndiye ninayetaka tumzungumzie leo.

WAKIMBIAJI WA BANDARINI

Usidhani ni tabia ya Wabongo peke yetu. Wenzetu wanaosafiri na meli kubwa za starehe nao wana dakika kumi zao. Meli inatia nanga asubuhi, abiria wanashuka kutembea mjini, na kila mmoja anaambiwa saa ya mwisho ya kuwa ameshapanda, ambayo huwa ni mapema kuliko saa ya meli kuondoka. Ikifika jioni, wenye simu wanajipanga juu kwenye roshani kuwarekodi waliochelewa: mama kavua viatu kavishika mkononi, baba kambeba mtoto mgongoni, mifuko ya zawadi inayumba huku na huku. Walio juu wanashangilia utadhani wako kwa Mkapa na dakika ya 90 imefika.

Wengine wanafika. Wengine wanabaki wakiitazama meli inavyokwenda.

Kisa kilichozungumzwa dunia nzima kilitokea hapa hapa Afrika, mwezi Machi 2024, kwenye kisiwa cha São Tomé. Abiria wanane wa meli iitwayo Norwegian Dawn, Wamarekani sita na Waaustralia wawili, walikuwa wametoka kutembea na mwongozaji wao binafsi, siyo kwenye matembezi yaliyoandaliwa na meli. Kampuni ya meli ilisema walipitisha muda kwa zaidi ya saa moja. Meli ilikuwa bado inaonekana pale ilipotia nanga. Askari wa ulinzi wa pwani wakawapakia kwenye boti mpaka ubavuni mwa meli, lakini hawakupandishwa. Pasipoti zao zikaachwa kwa wakala wa bandari, meli ikaenda zake.

Kilichofuata ni safari ya kuifukuza meli, nchi baada ya nchi, hadi Gambia. Huko nako meli ikashindwa kuingia kwa sababu ya maji kupwa. Ikabidi wasafiri tena kwa barabara hadi Dakar, Senegal, ndipo wakaipata mwanzoni mwa Aprili. Miongoni mwao walikuwemo mke na mume kutoka South Carolina, waliolalamika sana kwenye televisheni za kwao kwamba kapteni angeweza kuwachukua.

Kwa kweli, nilipoisoma habari ile sikumwaza kapteni. Niliwawaza wale wawili. Hasara waliipata, usingizi waliukosa, lakini waliachwa pamoja. Je, ingekuwaje kama mmoja alikuwa juu ya meli na mwenzake yuko kwenye ile boti pale chini? Angesema nini? Angemwambia nani? Ndipo nikaikumbuka Mikumi.

KWA NINI HAWASUBIRI

Kabla hatujafika huko, tumtendee haki dereva. Watu wengi wanaamini dereva anayeondoka ni mtu mwenye roho mbaya. Hebu tazama upande wake.

Meli ikikaa bandarini inalipia, rubani wa bandari wa kuitoa ana saa yake, na bandari inayofuata inaisubiri. Basi nalo si kama zamani. Miaka ile dereva aliyecheleweshwa Mikumi alikuwa anakanyaga mafuta mpaka anafidia. Wangapi tumewazika kwa sababu ya kufidia huko? Leo mabasi ya mikoani yamefungwa vifaa vya kufuatilia mwendo, LATRA wanaona, na mwisho ni kilomita 80 kwa saa. Ukitoka Mikumi kuelekea Dar ndiyo kabisa, maana unaingia kwenye Hifadhi ya Taifa, ambako barabara inapita katikati ya wanyama kwa kilomita kama 50. Humo mchana mwisho ni 70, usiku 50. Kwa hiyo dakika ishirini ulizokula wewe na chipsi zako hazirudi. Zinabaki kuwa dakika ishirini za kila mtu, na humo ndani kuna anayewahi boti ya Zanzibar na kuna anayempeleka mgonjwa.

Kuna jambo jingine ambalo meli na mabasi wanafanana. Ukitoka na matembezi ya meli yenyewe halafu gari likachelewa, kwa kawaida meli inawasubiri, kwa kuwa inajua mko wapi. Ukitoka kivyako, shauri yako. Hata Mikumi ni hivyo hivyo. Ukiwa kwenye foleni ya hoteli ile ile basi liliposimama, konda anakuona na atakuita. Ukivuka barabara kutafuta mishikaki ya bei nafuu, ndugu yangu, hayo ni matembezi binafsi.

Wale wa treni ndio wasijaribu kabisa. Kilosa na Mikumi ni wilaya moja, na kuna hata reli ya tawi inayotoka Kilosa kupitia Mikumi kwenda Kidatu. Lakini kuachwa Mikumi na kuachwa Kilosa ni vitu viwili tofauti. Mikumi mabasi hayaishi, ukiachwa na hili unaomba lile. Kilosa, treni ya reli ya zamani ikishapiga honi kuelekea Dodoma, inaingia kwenye bonde la Mkondoa, milima huku, mto huku. Hakuna bodaboda itakayoifukuza. Itabidi urudi barabarani, uende mpaka Dumila, upate basi la Dodoma, na kuomba Mungu uifikie huko mbele. Na usimlaumu dereva wa treni. Reli ile ni njia moja, treni zinapishana stesheni. Hii ikichelewa, na ile inayotoka mbele inachelewa.

Treni ya SGR, ambayo tangu mwaka 2024 inatoka Dar kwenda Dodoma ikipita Kilosa, nayo haina habari ya "suka, bado mimi". Mlango unafungwa kwa umeme na hauna shemeji.

YULE DADA WA SITI YA MBELE

Sasa niwasimulie nilichokiona. Nilikuwa natoka Mbeya kurudi Dar. Siti ya mbele yangu walikaa wanandoa vijana, wametoka kwenye sherehe Iringa, bado wana furaha ya sherehe. Njia nzima ni vicheko na kuegemeana. Tukafika Mikumi, konda akatangaza dakika kumi zake. Bwana akashuka. Bibie akabaki kwenye siti, maana viatu vilikuwa vimembana tangu harusini. Simu ya bwana iko kwenye chaji, pochi yake iko kwenye mkoba wa mke. Ameondoka na noti moja tu ya elfu kumi.

Dakika kumi zikaisha. Honi ya kwanza. Honi ya pili. Abiria wote wakawa wamerudi kasoro mmoja. Yule dada akasimama.

"Kaka, samahani, mume wangu bado. Naomba dakika mbili tu."

"Dada, mbili za kwako zimeshapita," konda akajibu, lakini kwa upole.

Zikapita nyingine tano. Hapo ndipo basi likageuka kuwa mahakama. Huku nyuma mmoja akasema watu wengine hawana ustaarabu. Mwingine akasema si wamshushe huyo mke akamtafute. Kijana mmoja akauliza kwa sauti kama huyo mume amekwenda kuoa mwingine. Watu wakacheka. Dada wa watu akashuka ngazi, mguu mmoja chini, mguu mmoja ndani ya basi, shingo imenyooka kuangalia kila upande. Simu hawezi kupiga, simu anayo yeye. Mzee mmoja aliyevaa kanzu ndiye pekee aliyemwonea huruma. "Binti yangu, tulia, atakuja," akamwambia.

Dereva akatoa breki. Basi likaanza kujongea taratibu. Konda akamwangalia yule dada, akamuuliza lile swali ambalo mpaka leo ninalo kichwani:

"Dada, unashuka au unaendelea?"

Hakujibu. Nikamwona anatazama mkoba wake, halafu siti, halafu barabarani. Mabegi yao yako kwenye buti. Nyumbani wameacha mtoto kwa jirani. Mbele ni mbuga, na Morogoro iko zaidi ya kilomita 100. Mume ana chenji ya elfu kumi mfukoni.

Bwana akatokea. Anakimbia kutoka ng'ambo ya barabara, chipsi zimefungwa vizuri, soda mbili mkononi, na anacheka. "Si nimefika jamani! Mna haraka gani?" Basi zima likamzomea, naye akapunga mkono kama mchezaji aliyefunga goli. Kwake yeye jambo lilikuwa limekwisha.

Mke wake hakula zile chipsi. Tukaipita mbuga, tembo wamesimama karibu kabisa na barabara, abiria wanaonyeshana dirishani. Wale wawili kimya. Karibu na Msamvu ndipo bwana akauliza, "Sasa umenuna nini, kwani si nilifika?" Jibu la mke nililisikia vizuri: "Uliyechelewa ni wewe. Niliyetukanwa ni mimi."

UNASHUKA AU UNAENDELEA?

Msomaji wangu, rudia hilo jibu mara mbili. Ndilo lililonifanya niandike yote haya.

Anayechelewa huwa haoni anachokifanya. Kule aliko yuko kwenye raha yake, anasubiri chenji, anapiga stori. Maneno ya abiria hayamfikii. Yanamfikia mwenza wake aliyebaki kwenye siti, ambaye hana kosa lolote ila kuwa na wewe. Yeye ndiye anayeomba radhi kwa niaba yako. Yeye ndiye anayetoa ahadi ya dakika mbili asiyojua kama itatimia. Ukirudi unacheka, unamkuta ameshalipa deni lako lote, halafu unamuuliza kanuna nini.

Na haya hayaishii Mikumi. Mtu mwenye tabia hii basini anayo na nyumbani. Ni yule anayekwambia "nafika sasa hivi" ukweni wakati bado hajaoga, ukabaki wewe na baba mkwe mnatazamana. Ni yule anayechelewa kikao cha harusi ya ndugu yako, ukabaki unamtungia foleni ya Ubungo ambayo haipo. Mara ya kwanza unamtetea kwa upendo. Mara ya kumi unamtetea kwa mazoea. Siku moja konda atakuuliza swali lake, na utashangaa ni muda mrefu kiasi gani unautumia kufikiri kabla ya kujibu.

Nimeliuliza swali hilo hapa ofisini. Wanawake kwa wanaume tukagawanyika. Wengine wanasema unashuka, mwenzako ni mwenzako, mabegi yatapatikana. Wengine wanasema unaendelea na mabegi, unamsubiri Msamvu, maana mkishuka wote mmepata hasara mara mbili. Mimi naona pande zote mbili zina hoja. Ubaya ni kwamba swali lenyewe linakuja ghafla, mlango uko wazi na watu sitini wanakutazama. Pale hakuna jibu zuri. Ukishuka, utamlaumu kwa kukushusha. Ukiendelea, atakulaumu kwa kumwacha. Dawa yake ni moja: mlijibu nyumbani, kabla hamjapanda.

KABLA HAMJAFUNGA MABEGI

Kwa hiyo, wapendanao mnaojiandaa na safari, kaeni chini mkubaliane haya machache:

1. Kila mmoja ashuke na simu yake, kitambulisho na hela ya kumfikisha mwisho wa safari. Habari ya "pochi yangu iko kwa mke wangu" ni tamu mpaka siku ya kuachwa. Kama simu inahitaji chaji, ichajiwe basi likiwa linatembea.

2. Mkubaliane mtakutana wapi mmoja akiachwa. Njia ya Mikumi kwenda Dar ni rahisi, sema Stendi ya Msamvu, hakuna mjadala. Anayeendelea anabaki na mabegi, aliyeachwa anapanda basi linalofuata. Kama mna mtoto mdogo au mgonjwa, mkubaliane tofauti, lakini mkubaliane.

3. Anayeshuka akariri jina la basi na namba zake. Pale Mikumi mabasi yanaweza kupangana matano yenye rangi zinazofanana, na wapo waliorudi mbio na kupanda basi la watu.

4. Usikimbize basi kwa bodaboda kuingia mbugani. Barabara ile ina tembo, nyati na malori, na dereva wa bodaboda anayekubali kukupeleka kwa mwendo wa kulipata basi anakupeleka kwingine. Tulia, piga simu, panda linalofuata.

5. Mkubaliane saa. Wenzetu wa melini wanagombana kwa sababu saa ya meli na saa ya mjini zinaweza kutofautiana. Sisi tuna saa mbili kila siku ya Mungu! Tiketi hii imeandikwa saa 12:00 asubuhi, ile imeandikwa 06:00, na mwenzako aliyesoma nje akiambiwa "saa sita" anaelewa nyingine. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, kosa hilo limekuwa baya zaidi: saa sita iko ya mchana na iko ya usiku. Soma tiketi kwa sauti, mwenzako asikie, mhakikishe.

6. Chakula fungeni nyumbani. Najua chipsi za njiani zina utamu wake, lakini chapati na kuku wa nyumbani havina foleni wala chenji. Hapo dakika kumi zinatosha kabisa choo, kunyoosha miguu na kununua maji.

7. Hili ni kwa wachelewaji, na ndilo kubwa kuliko yote. Ukichelewa, usiingie unacheka. Simama mlangoni, waambie abiria "samahani ndugu zangu". Maneno matatu tu. Yanawatuliza watu sitini, na yanamwondolea mwenza wako mzigo aliokuwa ameubeba peke yake. Halafu ukikaa, mwambie na yeye. Yeye awe na samahani yake ya peke yake, asiambulie ile ya jumla.

Na wewe unayebaki kwenye siti, usitumie maneno makali yaliyotoka kwa abiria kumchapia mwenzako akirudi. Watu wale mtaachana nao Dar. Mwambie ulivyojisikia, siku hiyo hiyo, kabla hamjafika nyumbani, kisha uliache huko huko njiani. Kinyongo cha Mikumi kikifika Kimara kinakuwa kinyongo cha ndoa.

Msimu wa likizo unakaribia, stendi zitafurika, na konda ataanza tena na dakika kumi zake. Wewe ungejibu nini ukiulizwa unashuka au unaendelea? Kwanza muulize mwenza wako leo jioni mkiwa mezani, mkicheka. Majibu yenu nitafurahi kuyasoma.

Safari njema, na tukutane tena mwezi ujao panapo majaliwa.